Viwanja Visivyo na Ukuta: Taarikh ya Mahali pa Watu Wote katika Mwambao wa Nyasa

Kila mji, uwe mkubwa wa kujivunia bandari na majumba au mdogo wa kuhesabika nyumba zake kwa mtazamo mmoja, huwa na kipande cha ardhi ambacho si milki ya mtu na ni haki ya watu wote: mahali ambapo mpita njia huketi bila kubisha hodi, watoto hucheza bila kufukuzwa, na wazee huzungumza habari za waliotangulia bila kuitishiwa mkutano. Unguja ina Bustani ya Forodhani, iliyotandazwa mbele ya bahari mwaka 1936 kwa jubilei ya Sultan Khalifa bin Harub, na kufanyiwa matengenezo makubwa yaliyokamilika mwaka 2009; Dar es Salaam ina Mnazi Mmoja na mnara wake wa Mwenge wa Uhuru. Lakini msafiri ashukaye kutoka Mbinga katika milima ya Umatengo hata ukingo wa Ziwa Nyasa, akafuata mwambao wenye Mbamba Bay, Liuli, Ngumbo, Mbaha na Lituhi, aghalabu hataona lango la bustani wala kibao cha kumkataza kukanyaga majani; na akidhani kwa sababu hiyo kwamba watu wa huku hawakujaliwa mahali pa jumuiya wala mahali pa kumbukumbu, atakuwa ameihukumu nchi kwa vipimo vya nchi nyingine.

Mahali hapo papo, na taarikh yake ni ndefu. Tofauti ni kwamba hapakuchorwa na mhandisi wala hapakuzinduliwa na gavana. Palichaguliwa na nyayo za watu, vizazi baada ya vizazi, kwa ajili ya kazi ambazo haziwezi kufanywa na mtu peke yake. Makala haya yakusudia kupita viwanja hivyo kimoja kimoja, na kuonyesha kwamba kumbukumbu ya jambo, iwe ya vita, ya dini au ya msiba, hudumu mahali kwa kadiri ya shughuli waliyo nayo walio hai mahali hapo. Shughuli ikiwapo taarikh huishi hata bila jiwe, na shughuli ikikoma jiwe huachwa lizeeke peke yake.

Mbaha ni kata ya mwambao katika Wilaya ya Nyasa, mkoa wa Ruvuma, wilaya iliyokatwa kutoka Mbinga mwaka 2012 na kupewa Mbamba Bay kuwa makao yake. Nyuma ya mwambao huu kuna milima ipandayo hata nchi ya Wamatengo, wenye mashamba ya ngoro na kahawa. Mbele yake kuna ziwa ambalo urefu wake wapita kilomita 500 na kina chake, katika vilindi vyake, chafika mita 700. Na baina ya milima na maji hapana ila ukanda mwembamba wa nchi tambarare, ambao ndani yake sharti zienee nyumba, mashamba ya muhogo, makaburi, shule, kanisa na njia. Katika nchi iliyobanwa hivyo, kuacha ardhi tupu kwa ajili ya matembezi ya jioni kungekuwa anasa isiyo na mlipaji; ndiyo maana kiwanja cha watu wote kimekuwa tangu zamani kiwanja cha kazi, na cha kwanza kwa heshima na kwa umri ni ufuko wenyewe.

Usiku wa giza mitumbwi hutoka na taa, zamani karabai, siku hizi taa za betri na za nguvu ya jua, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga, na mbalamwezi ikiwa pevu huwatawanya. Alfajiri wavuvi hurejea, na mchanga uliolala mtupu hugeuka soko kabla jua halijapanda juu ya milima. Wanawake huwapokea dagaa kwa mabeseni, huwaanika juu ya chanja za matete zilizotandikwa nyavu kuukuu, na mwenye mkono wa kazi huwageuza kwa kiganja kilicho wazi, akikisukuma taratibu ili asiwavunje vichwa, huku akisemezana na jirani yake bila kuinua macho, na mtoto kando yake akifukuza kunguru kwa kijiti. Hapo mbasa mmoja hupatanwa bei kwa maneno mengi kuliko uzito wake. Hapo habari ya msiba wa kijiji cha pili hufika kwa mtumbwi kabla ya kufika kwa njia ya nchi kavu. Na hapo hapo kijana aliyekwenda Mbeya au Songea kutafuta riziki huonekana kwanza arudipo. Hakuna jambo la jumuiya ambalo bustani ya mji mkubwa hulifanya na ufuko huu haulifanyi, isipokuwa kukaa bure, na hata hilo wazee hulifanya wakati wa jua kali chini ya mwembe ulio karibu.

Mtu angeweza kuuliza kwa nini katika miaka yote hiyo hapana aliyekizungushia ukuta kiwanja chenye thamani kama hicho. Jawabu moja ni la desturi na jawabu la pili ni la ziwa. Ziwa Nyasa lina tabia ya kupanda na kushuka kwa mizunguko ya miaka mingi: tangu mwaka 1915 hata katikati ya miaka ya 1930 maji yake yalipungua hata yakaacha kumiminika katika mto Shire, ambao ndio mlango wake wa pekee wa kutokea, na kufikia mwaka 1980 yalikuwa yamepanda hata yakafurika fukwe na mashamba ya watu waliosahau habari za mababu zao. Ajengaye ukingoni katika miaka ya upungufu huwajengea samaki. Kwa hiyo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ilipokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, haikuwaletea watu wa mwambao jambo geni. Iliutia katika maandishi mpaka ambao maji yenyewe yalikwisha kuuamuru, na kwa kufanya hivyo iliuthibitisha ufuko kuwa ardhi ya wote, jambo ambalo wenye miji wengi hulipata kwa gharama kubwa.

Kabla ya ufuko huu kuwa mahali pa salama ulikuwa mahali pa hofu, na kumbukumbu kongwe za nchi hii zimo katika maficho. Wangoni waliovuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, baada ya kifo cha mkuu huyo huko Ufipa waligawanyika, na matawi yao mengine yakateremka hata nchi ambayo sasa ni Songea, yakaiweka chini ya enzi yao katika nusu ya pili ya karne ya 19. Mashambulizi yao yaliwasukuma Wamatengo katika milima na mapango ya Litembo, ambako, kwa kubanwa katika miteremko mikali, walikamilisha kilimo cha ngoro, yaani mashimo yaliyopangwa safu kwa safu ili mvua isichukue udongo. Kilimo hicho ni ukumbusho wa vita usioandikwa popote, nao hulimwa upya kila mwaka. Watu wa ziwani hawakuwa na milima ya kuwatosha, wakategemea maji na majabali yake. Liuli wana jabali kubwa liitwalo Pomonda, lisimamalo katika maji karibu na pwani, na masimulizi ya huko hulitaja kuwa lilikuwa kimbilio wakati wa vita; siku hizi vijana huogelea kulizunguka, na wageni hupelekwa kulitazama. Kimbilio limekuwa mahali pa burudani, na wala habari yake haikufutika, maadamu kila mgeni aulizapo habari za jabali hilo yupo wa kumjibu.

Kiwanja cha tatu, baada ya ufuko na kimbilio, kililetwa na dini. Chama cha Wamisionari wa Vyuo Vikuu, kijulikanacho kwa herufi UMCA, kilichozaliwa kutokana na mwito alioutoa David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857, na kilichokuwa na makao yake makuu Unguja, kilifika Ziwa Nyasa na kukifanya kisiwa cha Likoma kuwa kituo chake tangu miaka ya 1880; mwaka 1885 meli yake ya kwanza, Charles Janson, ilishushwa majini, na mwaka 1901 ikafuata ile kubwa zaidi, Chauncy Maples, iliyopewa jina la askofu aliyezama katika ziwa hilo mwaka 1895. Meli hizo zilikuwa kanisa, shule na zahanati kwa pamoja, na kila zilipotia nanga katika mwambao wa mashariki ziliacha nyuma yao kiwanja: kwanza kivuli cha mti ambapo mwalimu aliwakusanya watoto, halafu banda la nyasi, halafu kanisa, na mbele ya kanisa uwanja uliofagiliwa kila siku na kupandwa miembe kwa mstari. Hivyo ndivyo vijiji vingi vya mwambao vilivyopata mahali papana, safi na penye kivuli, ambapo baada ya ibada watu walibaki kusemezana, ambapo mpira ulichezwa jioni, na ambapo, baadaye, mikutano ya siasa iliitishwa kwa sababu hapakuwa na mahali pengine palipozoeleka na watu wote.

Katika historia hiyo jina moja lilishikamana na Liuli kuliko majina mengine. William Percival Johnson, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1854 na kufika Afrika mwaka 1876, aliupitia mwambao huu kwa mashua na kwa miguu kwa zaidi ya miaka arobaini, macho yake yakiwa yameharibika kwa maradhi, akihubiri, akifundisha na kutafsiri Biblia kwa Kinyanja. Aliheshimiwa kwa cheo cha arkidiakono, na alipofariki mwaka 1928 alifia Liuli na kuzikwa huko. Kaburi lake limekuwa mahali pa ziara kwa Waanglikana wa nchi za pande zote za ziwa. Lakini Liuli haikuwa makaburi matupu: hospitali ya Mtakatifu Anna ilikua karibu na kanisa, mgonjwa akaja kutafuta dawa, jamaa yake akaja kumpikia, na wote wawili, wapende wasipende, wakaisikia habari ya yule mzee wa macho mabovu. Mzuru makaburi huja mara moja kwa mwaka, na mwenye mgonjwa huja siku yoyote. Huyu wa pili, ambaye hakutia nia ya kuzuru, ndiye anayeifanya kumbukumbu isiwe ya sikukuu tu.

Walakini hapo hapo Liuli, katika bandari ile ile, lilitukia jambo ambalo dunia ililiandika kwa maneno mengi na ambalo limeacha mahali penyewe alama chache. Wajerumani, waliopata mwambao huu kwa mapatano yao na Waingereza ya mwaka 1890, waliiita bandari hiyo Sphinxhafen, kwa sababu waliona katika jabali lake sura ya ile sanamu kubwa ya Misri. Mwaka huo huo wa 1890 iliundwa huko Hamburg meli ndogo ya moshi kwa fedha zilizochangwa kwa hoja ya kupinga biashara ya watumwa, ikapewa jina la Hermann von Wissmann, yule afisa aliyeuvunja upinzani wa Abushiri bin Salim katika pwani yetu na ambaye baadaye alikuwa gavana. Ikaletwa vipande vipande kwa mito ya Zambezi na Shire, ikaungwa, na kufikia mwaka 1893 ilikuwa ikitembea ziwani. Nahodha wake wa siku za mwisho, Berndt, na nahodha wa meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen, Rhoades, walikuwa masahibu wa kunywa pamoja kila meli zao zilipokutana bandarini.

Tarehe 13 Agosti 1914 Rhoades aliingia Sphinxhafen na Gwendolen yake. Yeye alikwisha kupata habari kwamba Uingereza na Ujerumani zimo vitani, na alikuwa na amri ya kuiharibu meli ya adui. Berndt hakuwa amepata habari yoyote, na meli yake ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Mzinga ulipolia kutoka umbali wa karibu mita 1,800, Berndt aliingia katika mashua ndogo, akapiga makasia kumwelekea rafiki yake, akamwendea kwa ghadhabu kumuuliza kama amelewa. Akajibiwa kwamba ni vita, na kwamba yeye ni mateka. Magazeti ya London yakaitangaza habari hiyo kuwa ushindi wa majini, na vitabu vingi tangu hapo vimeihesabu kuwa miongoni mwa mapigano ya kwanza ya majini katika vita ile kuu. Tarehe 30 Mei 1915 Waingereza walirudi, wakashusha askari pwani na kuiharibu meli hiyo kwa baruti. Na vita ilipokwisha wao wenyewe waliifufua na kuitumia.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kwa kicheko, kwa sababu ya manahodha wawili na chupa zao. Na msomaji mwenye insafu atatambua kwamba katika usimulizi huo hawamo wavuvi walioisikia mizinga, wala mabaharia weusi wa meli zote mbili, wala wapagazi ambao baadaye walibebeshwa vita hiyo mabegani kutoka boma la Wajerumani la Neu-Langenburg hata Ruvuma. Jina la Wissmann lilipata sanamu Dar es Salaam mwaka 1909. Waingereza wakaiondoa, ikapelekwa Uingereza, kisha mwaka 1922 ikasimamishwa upya Hamburg mbele ya chuo kikuu, na mwaka 1968 wanafunzi wa huko wakaiangusha kwa mara ya mwisho. Mwaka 1927, mjini Dar es Salaam, ilizinduliwa sanamu ya Askari, yenye maandishi ya Kiingereza aliyoyatunga Rudyard Kipling pamoja na Kiarabu na Kiswahili, ili kuwakumbuka askari na wapagazi wa vita hiyo. Sanamu ya kwanza ilihamishwa kama mzigo usio na mwenyewe, kwa kuwa waliozaliwa mjini humo hawakuwa na shughuli nayo. Ya pili imedumu, na watu wameizoea hata wakaifanya alama ya kupatania miadi.

Watu wa Nyasa nao waliiwekea vita hiyo ukumbusho wao, wala hawakuujenga kwa shaba. Ngoma ya beni, iliyozaliwa katika miji ya pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, katika muongo wa mwisho wa karne ya 19, ilichukuliwa bara na askari na wapagazi katika miaka ya 1914 hadi 1918, na ilipofika kandokando ya Ziwa Nyasa iligeuka ikawa mganda, ambao ndugu wa ng'ambo wengine huuita malipenga. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ngoma na jamii katika Afrika ya Mashariki, alionyesha jinsi ngoma hizi zilivyochukua gwaride la kizungu na kuligeuza kuwa mali ya vijana wa Kiafrika, pamoja na vyeo vyake vya kingi, kapteni na daktari, na pamoja na ushindani wa kijiji na kijiji. Mganda huchezwa kwa safu zilizonyooka, wachezaji wakiwa katika mashati meupe na soksi zilizovutwa hata magotini, viatu vimepigwa rangi hata kama njia ya kujia ilikuwa ya vumbi. Ngoma kubwa hupiga mwendo wa askari, na vijana huimba ndani ya vibuyu vilivyotobolewa tundu, tundu lenyewe likizibwa kwa utando wa buibui, hata sauti ya mtu hutoka ikivuma mfano wa tarumbeta ya bendi. Mwenye filimbi akipiga mlio mmoja safu zote hugeuka kwa kisigino kimoja, na atakayekosea huaibishwa na watazamaji papo hapo.

Kwa ngoma hiyo kila kijiji kilihitaji kiwanja kipana, cha udongo uliokanyagwa ukawa mgumu, chenye nafasi kwa timu ya wenyeji na timu ya wageni, na chenye kivuli pembeni kwa wazee na kwa wanawake, ambao wana ngoma yao ya kioda, nayo ya sare na ya mistari. Kiwanja hicho cha ngoma ndicho kilichokuwa kiwanja cha sherehe za Uhuru mwaka 1961, na ndicho kilichokuwa kiwanja cha mikutano wakati wa siasa ya Ujamaa na vijiji vyake, na ndicho kinachopokea Mwenge upitapo. Hapana jiwe la kueleza kwamba mwendo ule wa miguu ulijifunzwa kwa askari wa vita ya kwanza. Na yule kijana anyooshaye mkono wake kando ya paja hana habari labda kwamba anamrudia mpagazi aliyefia njiani mwaka 1917. Hata hivyo mwili wake unakumbuka, na kijiji kinakumbuka pamoja naye kila msimu wa mavuno unapoleta mashindano.

Mtu akitaka kuona ukumbusho uliojengwa kwa makusudi katika mkoa huu, sharti aupande mlima, apite Mbinga, aende hata Songea, mahali paitwapo Mahenge. Hapo, tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani waliwanyonga kwa siku moja viongozi na wapiganaji wa Kingoni walioshika silaha katika Vita ya Majimaji, miongoni mwao Nkosi Mputa Gama. Na siku chache baadaye akanyongwa Nduna Songea Mbano, ambaye mji ulikwisha kuchukua jina lake tangu Wajerumani walipojenga boma hapo mwaka 1897. Hesabu ya mashujaa hao husomwa kuwa 67, na katika orodha yao yumo Mkomanile, mwanamke aliyeshiriki kuieneza dawa ya maji katika nchi ya Ungoni. Wengi walizikwa katika kaburi moja. Songea Mbano alizikwa mbali nao, na wazawa wa nchi hawakuacha kudai kwamba kichwa chake kilichukuliwa kikapelekwa Ujerumani. Baada ya kunyonga ikafuata njaa, kwa kuwa mashamba na maghala yalichomwa kwa amri. Na waliokufa katika nchi zote zilizoguswa na vita hiyo, kwa upanga na kwa njaa, wanahistoria wengi wa leo huwahesabu kwa malaki.

Mwaka 1980 mahali hapo pakafanywa makumbusho, na mwaka 2010 yakaingizwa katika Makumbusho ya Taifa. Kaburi la pamoja limo ndani ya uwanja, sanamu za viongozi zimesimama kwa taadhima, na mgeni hutembea baina yake kama mtu atembeaye katika bustani, kivuli kipo na nyasi zipo. Lakini hayo peke yake yasingalitosha. Kinachoufanya uwanja wa Mahenge uwe hai ni kwamba kila Februari watu wa Songea huja hapo na ngoma zao, lizombe likiwa mbele, na wajukuu wa walionyongwa wakitajwa kwa koo zao. Ni kwamba uwanja wa mpira wa mji huo waitwa Majimaji, na timu iliyocheza humo ikajulikana nchini kwa jina la Wanalizombe. Yaani mtoto wa Songea hulisikia jina la vita hiyo kwa shangwe kabla ya kulisoma kwa huzuni. Ndiyo maana Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipokuja tarehe 1 Novemba 2023 kuomba radhi, alikuta mahali pa kusimama na watu wa kumsikiliza, wazawa wa Songea Mbano wakiwa miongoni mwao; radhi haiombwi katika uwanja mtupu.

Hapa ndipo mwambao wa Nyasa unapodai fikira. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hukinga kwa nguvu yake yenyewe majengo na athari zilizotangulia mwaka 1863. Za baada ya mwaka huo hupata kinga zitangazwapo na Waziri. Pwani ya Kilwa na Bagamoyo, penye magofu ya karne nyingi, mstari huo hauidhuru sana. Lakini karibu kila kitu ambacho mwambao huu ungeweza kuonyesha kwa mkono, kuanzia makanisa ya wamisionari hata bandari ya mwaka 1914, kimekuja baada ya 1863, nacho kimeachwa kwa hisani ya watu wanaokitumia. Na hisani hiyo imekuwa mlinzi mwaminifu maadamu matumizi yapo. Walakini barabara ya lami sasa imeshuka kutoka Mbinga hata Mbamba Bay, wageni wanaongezeka, viwanja vya ufukoni vinapata bei, na mwenye fedha huweza kuona uzio mahali ambapo babu zetu waliona njia.

Kwa hiyo ikiwa mji mdogo wa mwambao, Mbamba Bay au Liuli au hata kijiji cha Mbaha, utataka siku moja kuwa na bustani ya umma, na ni haki yake kutaka, basi haifai kuitafutia mahali papya pasipo na mtu. Bustani na iwekwe pale ambapo wanawake huanika dagaa na vijana hucheza mganda, na vifaa vyake viwe vile ambavyo watu hao wanavihitaji kwanza: bomba la maji safi, vyoo vya wanaume na vya wanawake vyenye mtu wa kuvisafisha, chanja imara za kuanikia, mabenchi chini ya miembe iliyopo badala ya miti ya mapambo itakayokufa kiangazi, na taa moja ya jua kwa ajili ya mtumbwi unaorudi usiku. Hayo yakiwapo, ndipo jiwe lisimamishwe, dogo, lenye Kiswahili kilicho wazi, likitaja vita, wapagazi na mabaharia waliosahauliwa na vitabu. Na ndipo shule ya jirani ipewe siku moja katika mwaka ya kulisoma kwa sauti mbele ya wazazi. Vijiji vina nguvu ya kisheria ya kufanya hivyo, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa serikali ya kijiji na mkutano wake uwezo wa kutenga ardhi ya matumizi ya wote na kuiandikisha.

Gharama ya mambo hayo ni ndogo kuliko gharama ya sanamu moja ya shaba, na faida yake itaonekana hata na wasiopenda taarikh. Mwanamke atakayekuja kuchota maji atasoma jiwe hilo pasipo kukusudia, mwanawe atamuuliza maana yake, naye atalazimika kujibu au kumtafuta mzee wa kumsaidia. Na mji ambao watu wake hulazimika kujibu maswali ya watoto wao juu ya ardhi wanayoikanyaga, umekwisha kupata bustani na makumbusho kwa bei moja.